Flashi ya redio mbali na kamera: namna ya kuichagua bila kupoteza hela

Hema la harusi ndilo lililonifundisha flashi. Miaka yangu ya mwanzo ya kupiga picha Kisumu nilikuwa naielekeza flashi juu, ile mbinu ya kuupiga mwanga kwenye dari ili urudi ukiwa laini. Sebuleni penye dari jeupe, mambo safi. Kisha nikaitwa kwenye harusi kule Mamboleo, hema limevalishwa vitambaa vya zambarau na dhahabu kuanzia nguzo hadi kileleni. Mwanga wangu ukapanda ukiwa mweupe, ukarudi ukiwa zambarau. Nilipopeleka picha, shangazi ya bibi harusi aliniuliza, “Mwanangu, mbona umetugeuza rangi?” Sikuwa na jibu. Na kuipiga flashi moja kwa moja kutoka juu ya kamera hakuponyi: paji la uso linang’aa kama sufuria, kivuli kinabandikwa nyuma ya shingo, uso unakuwa bapa.

Dawa ni kuitoa flashi kwenye kamera, kuisimamisha kwenye stendi mita 2 kando ya mtu, juu kidogo ya kichwa chake, na kuiamuru kwa redio. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua flashi hiyo kwa mara ya kwanza, awe Kisumu, Nakuru, Kakamega au Busia, na hana fedha za kununua mara mbili.

Tuanze na jambo linalowatia wengi hofu: je, flashi isiyo ya kampuni ya kamera ni salama? Ni salama, ukinunua yenye jina linalojulikana. Canon walitoa flashi yao ya kwanza yenye redio ndani, 600EX-RT, mwaka 2012. Nikon wakafuata na SB-5000 mwaka 2016. Kabla ya hapo flashi zao ziliongea kwa mimweko ya mwanga. Nyumbani ilifaa, lakini juani au flashi ikifichwa nyuma ya mtu, mawasiliano yalikatika. Kampuni za China kama Godox na Yongnuo ziliingia kwenye pengo hilo kwa bei ya chini mno, na leo wapiga harusi wengi ninaokutana nao wanatumia hizo. Msemo wa rahisi ghali bado una ukweli wake, ila unazihusu flashi zisizo na jina, zile ambazo mwaka ujao hutapata hata kifuniko cha betri.

Hatua ya kwanza: chagua redio kabla ya flashi

Hili ndilo ninalotaka ulishike hata kama utasahau mengine yote. Usinunue flashi. Nunua ukoo. Karibu redio zote hizi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na watu hudhani basi zinaelewana. Hazielewani. Triga ya Godox, yaani kile kifaa cha juu ya kamera kinachoituma amri kwa redio, haiwezi kuwasha flashi ya Yongnuo. Hata ndani ya Yongnuo kwenyewe kuna koo kadhaa: YN560 III na YN560 IV zinasikilizana na vifaa vya RF-603 na kile kidhibiti cha YN560-TX, ilhali YN600EX-RT imefuata redio ya Canon. Mtu ananunua moja leo, mwakani anaongeza ya pili yenye jina lile lile, halafu anakuta haziongei.

Na ya pili utaitaka, usijidanganye. Leo unataka mwanga mmoja wa uso. Baada ya miezi 6 utataka mwingine nyuma ya maharusi ili nywele na mabega yajitenge na giza. Kwa hiyo jiulize: ukoo huu una flashi ndogo? Una kubwa? Una ya betri ya lithiamu? Una triga ya kamera yangu na ya kamera ninayoweza kuhamia?

Kwa vigezo hivyo, mimi nachagua Godox na mfumo wake wa X. Sababu yangu kubwa ni hii: flashi ya Godox ikiwa kwenye stendi, haijali kamera yako ni ya nani. Triga ndiyo inayopaswa kulingana na kamera. Flashi ya TT685 iliyotengenezewa Canon itafuata amri ya triga ya Nikon bila shida, hata kwa TTL, yaani kamera ikipanga nguvu ya flashi yenyewe. Ukihama kutoka Canon kwenda Sony, unabadilisha triga tu, flashi zinabaki. Yongnuo YN560 IV nayo nimeitumia na ni kifaa cha heshima. Ukiipata ikiwa imetunzwa vizuri na rafiki anakuuzia pamoja na kidhibiti chake, chukua. Jua tu kwamba ni ya kurekebisha kwa mkono pekee.

Hatua ya pili: tazama juu ya kamera yako

Kabla ya kutuma hela popote, chukua kamera uangalie hotishu, kile kibati cha juu kinachopokea flashi. Je, kina kitone cha chuma katikati? Kitone hicho ndicho kwa miaka mingi kimewasha kila aina ya flashi. Canon walikiondoa kwenye baadhi ya kamera zao za bei nafuu, EOS 250D ikiwa mojawapo. Kamera isiyo na pini ya katikati haitaziwasha triga sahili zinazotegemea mguso huo mmoja; inahitaji triga inayoongea lugha ya Canon yenyewe kupitia zile pini ndogo. Kamera hizi zipo mikononi mwa vijana wengi wanaoanza kazi, na nimeona mmoja akilaumu flashi iliyokuwa nzima kabisa.

Sony wa kisasa wana hotishu yao tofauti, ndiyo maana triga huuzwa na herufi: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Muuzaji akikwambia “inaingia zote,” mwombe aifunge kwenye kamera yako na apige.

Hatua ya tatu: TTL au mkono?

TTL maana yake kamera hurusha mmweko mdogo wa kupima, kisha huamua yenyewe nguvu ya flashi. Kurekebisha kwa mkono maana yake wewe ndiye unayeweka: nguvu yote, nusu, robo, hadi 1/128.

Flashi ikiwa kwenye stendi na mtu amesimama mahali pamoja, mkono ni bora. Umbali haubadiliki, basi mwanga usibadilike. TTL huyumba bibi harusi mwenye gauni jeupe anapogeuka na nafasi yake kuchukuliwa na bwana harusi mwenye suti nyeusi. Ngozi ya mtu yule yule inatoka tofauti katika picha mbili zinazofuatana, na jioni unakaa kwenye kompyuta ukirekebisha picha 400. Ninayemshauri aanze na TTL ni yule anayefuata watu wakitembea: maharusi wakiingia wakicheza, au msafara wa ayie, ile sherehe ya posa ya Waluo, ukiingia bomani huku umbali ukibadilika kila hatua.

Kwa hiyo, kwa wengi, flashi ya kwanza ni Godox TT600. Ni ya mkono, ina redio ndani, inatumia betri 4 za AA, na ndiyo ya bei ya chini kati ya flashi kubwa za ukoo huo. Mwenye Sony atafute TT600S endapo anataka pia kuifunga juu ya kamera.

Hatua ya nne: nguvu, na hesabu ya jua letu

Kwenye boksi utaona namba ya mwongozo. TT600 imeandikwa 60, YN560 IV imeandikwa 58. Usilinganishe namba hizo kwa haraka. Ile 60 imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi 200 mm, mwanga umebanwa kama wa tochi. Ile 58 imepimwa kwenye 105 mm. Ukifungua kichwa ili mwanga ujaze mwavuli, namba hushuka sana. Mimi kwa kazi ya kawaida napigia hesabu 36, na sijajuta.

Namba hiyo ukiigawa kwa f ya lenzi (ukubwa wa tundu lake) unapata umbali kwa mita, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100. Sasa tulete jua la Kisumu. Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Jua kali kama hilo, kwa ISO 100 na shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya sekunde 1/200, linakupa takriban f/11. Gawa 36 kwa 11: mita 3.3. Hiyo ni flashi tupu kwa nguvu yote. Weka mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, unapoteza kama stopu 2, yaani unabaki na robo ya mwanga, na umbali unakatika nusu: mita 1.6. Inawezekana kwa picha ya mtu mmoja kuanzia kiunoni. Kwa ukoo mzima wa watu 20 umepanga mbele ya jiwe la Kit Mikayi saa saba mchana, haiwezekani, na hakuna ujanja wa menyu utakaoibadilisha fizikia hiyo. Ukiongeza umbali mara 2, mwanga unabaki robo.

Hapo ndipo muuzaji atakutajia HSS, uwezo wa kutumia flashi na shata ya kasi kuliko ile 1/200 au 1/250 ambayo kamera nyingi zinaishia. Ni uwezo mzuri: unaweza kupiga kwa f/2.8 mchana na nyuma kukawa laini. Lakini HSS inafanya kazi kwa kuigawa nguvu ya flashi kwenye mimweko mingi midogo, na unapoteza stopu nyingine 2 au zaidi. Flashi ndogo yenye mwavuli na HSS mchana itafaa chini ya mita 1 hivi. Kama kazi yako ni ya mchana juani kila wiki, weka akiba ya Godox AD200, yenye wati-sekunde 200 dhidi ya 76 za flashi ya Godox V1, na iko ukoo ule ule. Kama si hivyo, fanya ninavyofanya mimi mara nyingi: wapeleke watu chini ya mwembe. Kivulini hata TT600 inakuwa mfalme.

TT600 ina HSS ikiwa mbali na kamera tu, inapopokea amri kwa redio. Ikiwa juu ya kamera haina. Watu hurudisha flashi dukani kwa kutojua hilo.

Hatua ya tano: betri

AA zinapatikana kila duka, hata Kibuye sokoni. Ila zile za kutupa usizitegemee. Flashi huchukua umeme kwa mkupuo, na betri hizo huchoka haraka, mpaka unasubiri sekunde 8 huku keki inakatwa. Nunua za kuchaji za NiMH, seti 3 za betri 4, uziandike A, B na C kwa kalamu ya wino usiofutika ili zisichanganyike. Betri moja dhaifu huzishusha tatu nzima. Chaja iwe inayochaji kila betri kivyake. Kwa seti nzuri ya 2500 mAh, TT600 hutoa takriban mimweko 230 ya nguvu yote, na hurudi tayari ndani ya sekunde 2.6 hivi. Kwa robo ya nguvu, siku inaisha kabla ya seti ya pili.

Flashi ya lithiamu kama Godox V860III hutoa takriban mimweko 480 ya nguvu yote na hurudi tayari ndani ya sekunde 1.5 hivi. Anayepiga harusi kila Jumamosi atashukuru. Lakini betri hiyo ikikuishia kule Bondo, hakuna duka litakalokuokoa, kwa hiyo ihesabie betri ya pili ndani ya bei. Umeme wetu unaujua: chaji Alhamisi, usingoje Ijumaa usiku. Na ukipanda ndege kwenda Nairobi, betri za lithiamu za akiba ziingie nazo kwenye begi la mkononi.

Hatua ya sita: triga

Kwenye Godox chaguo ni X2T au XPro. Zote zinafanya kazi. Zote zina kitufe cha kila kundi la flashi unazoziamuru pamoja, A hadi E. Naipendelea XPro kwa kuwa ina kioo kikubwa kinachosomeka juani. X2T ina hotishu nyingine juu yake, kwa anayetaka kubebesha flashi ya ziada.

Kabla ya kazi ya kwanza, badilisha chaneli na ID (namba ya utambulisho wa vifaa vyako). Kuna chaneli 32, na kila boksi hutoka kiwandani na mpangilio ule ule. Nimewahi kuwa harusini Milimani flashi yangu ikimweka bila mimi kubonyeza. Mpiga picha wa upande wa bwana harusi alikuwa na triga kama yangu, chaneli ile ile. Aliniulia betri saa moja nzima bila kujua. Siku hizi nikimwona mwenzangu mwenye triga namfuata mapema tugawane chaneli, na huwa ni salamu nzuri ya kuanzia.

Mita 100 zilizoandikwa kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji humeza 2.4 GHz, ukumbi wenye watu 300 wamesimama ni ukuta. Inua stendi ili redio ya flashi iwe juu ya vichwa. Flashi ikikataa kuwaka ikiwa karibu sana nawe, tafuta kwenye menyu ya triga mpangilio wa umbali wa mita 0 hadi 30.

Hatua ya saba: ijaribu kabla ya kulipa

Ukinunua mpya kutoka Nairobi kwa kutumiwa na basi, omba namba ya mfululizo na picha ya risiti kabla ya kutuma M-Pesa, na muulize muuzaji kwa maandishi: ikikataa, nairudisha kwa siku ngapi? Ukinunua iliyotumika, kutaneni mahali penye ukuta mweupe, uje na betri na kamera yako.

Fungua mlango wa betri: chembe za kijani au nyeupe kwenye springi maana yake betri zilivujia ndani. Itikise karibu na sikio usikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Tazama mguu wa flashi, maana hapo ndipo huvunjika ikianguka. Washa, piga kila kiwango kutoka 1/128 hadi nguvu yote. Kisha weka kamera kwenye mpangilio wa mkono (M), flashi kwenye robo ya nguvu, upige ukuta mara 20 mfululizo ukiipa flashi nafasi ya kuwa tayari, na uzipitishe picha hizo haraka kwenye kioo. Zinapaswa kufanana kama mapacha. Ikiwa ya 7 na ya 13 zimefifia, achana nayo hata kwa nusu bei.

Mpe mwenye duka flashi aende nayo hatua 30, ikiwezekana nyuma ya kona. Piga mara 20 tena; ikikosa mara moja au mbili pasipo watu katikati, kuna tatizo. Mwisho piga kwa 1/200. Mstari mweusi chini ya picha unamaanisha shata imeanza kufunga kabla ya mwanga kumaliza; jaribu 1/160. Mstari ukipotea hapo, ni tabia ya kamera na triga yako, si ubovu.

Na flashi mbovu usiifungue mwenyewe. Kapasita ya ndani hubeba volti 300 hivi na huendelea kuzishikilia betri zikiwa zimetolewa. Mpelekee fundi anayejua kuimaliza umeme kwanza.

Hatua ya nane: stendi, kishikio, mwavuli, uzito

Watu humaliza hela kwenye flashi wakasahau haya. Stendi iwe ya mita 2 au zaidi. Kishikio nunua cha aina ya S cha Godox: hubana mwili wa flashi badala ya kuushika mguu wake, na baadaye hubeba softiboksi (visanduku vya kitambaa vya kulainisha mwanga) zenye kifungo cha aina ya Bowens. Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, wa kama sentimita 100, unatosha kuanza.

Ngozi zetu zinapenda chanzo kikubwa cha mwanga. Wanaoanza wakiona uso mweusi haukutoka vizuri huongeza nguvu, wakapata vidoa vyeupe puani na kwenye paji. Usiongeze nguvu, sogeza mwavuli karibu, hata mita 1, kisha punguza nguvu. Mng’ao unatandaa kwenye shavu na kulionyesha umbo lake, badala ya kuchoma sehemu moja.

Kisha upepo. Pale ziwani upepo huanza kuvuma kutoka majini mchana, na mwavuli kwenye stendi ni tanga la mashua. Mwanzoni nilipoteza flashi moja kwa njia hiyo, iliangukia mawe. Beba mfuko mtupu wa turubai wenye mishikio miwili. Kwenye boda boda hauna uzito, na ukifika unaujaza mchanga wa pale pale. Mguu mmoja wa stendi uelekee upepo unakokwenda, yaani upande ambao stendi ingeangukia.

Hatua ya tisa: picha ya kwanza, ufukwe wa Dunga, Kisumu, saa kumi na mbili jioni

Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na huzama haraka. Fika mapema nusu saa. Zima flashi. Weka kamera kwenye mkono: ISO 100, shata 1/200, kisha zungusha f mpaka anga nyuma ya mashua litoke jeusi kidogo kuliko unavyoliona, tuseme f/5.6. Mtu wako atakuwa kivuli. Usijali.

Simamisha mwavuli mita 1.5 kutoka kwake, digrii 45 kando, kitovu chake kikiwa juu kidogo ya macho. Flashi kundi A, robo ya nguvu. Piga. Uso ukizidi, shuka hadi 1/8. Ukififia, panda hadi nusu. Usiguse f wala ISO, maana hizo sasa ni za anga na uso kwa pamoja. Shata ndiyo ya anga peke yake: jua likizidi kushuka, teremka 1/160, 1/125, 1/80, na uso utabaki pale pale.

Utaona uso ni wa buluu kidogo ukilinganisha na anga la dhahabu. Funga kipande cha jeli ya rangi ya chungwa, ile ya nusu CTO, mbele ya kichwa cha flashi, uongeze nguvu kidogo kufidia inachomeza. Piga tena. Kisha muite mtu wako aje atazame kioo kabla hujakunja stendi, kwa sababu una kama dakika 10 za rangi hiyo zilizobaki, na akijiona ndipo atakapolegeza mabega.